Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Elstad, Iowa
6 Juni 1975

Kaka Duane,

Natumaini barua hii itakukuta Sedalia kabla hamjapakia pikipiki tena. Nimeandika jina lako na "mpanda pikipiki" juu ya bahasha, kwa ofisi ya uwanja, kama ulivyonielekeza.

Shule imekwisha. Waliita majina yetu jukwaani, na nilipofika juu ya ngazi nikasahau mkono upi ni wa kupokea cheti na upi ni wa kusalimia, basi nikampa mwalimu mkuu mkono wa kushoto. Watu walicheka, lakini si kwa ubaya. Baba alikuja na shati jeupe, kucha bado zina grisi, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Kiti cha pembeni yake alikiwekea kofia. Sisemi hivi ili ujisikie vibaya. Nasema tu ilivyokuwa.

Nimepata kazi kwenye mizani ya malori pale ghala la nafaka. Lori linapanda, nasoma uzito, naandika, linashuka. Nimeichagua kwa sababu kuna dirisha kati yangu na watu.

Mwingereza, pikipiki yetu ya zamani, yuko bandani chini ya turubai. Tangu Machi, ulipomwambia Baba kwamba umekubali kupanda Harley, ile pikipiki ya Kimarekani, kwenye timu ya Bwana Pruitt, hajamwasha hata mara moja. Anachomelea plau za watu, anakula, analala. Ile Jumapili uliyopiga simu, mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilimwona akisikiliza sauti yako, halafu akaiweka simu chini polepole, kama mtu anayelaza kitu kinachovunjika. Ndiyo maana naandika. Simu ni yake, lakini barua ni zangu.

Nina swali, na usinicheke. Baba alishindana na Mwingereza, na wewe umepanda huyo huyo tangu una miaka kumi na sita. Kwa nini ulibadili? Nataka jibu ninaloweza kumsomea.

Mdogo wako,
Marlys


Sedalia, Missouri
15 Juni 1975

Marlys, we mtoto!

Kumpa mwalimu mkuu mkono wa kushoto! Nimemsomea Hollis, fundi wetu, akacheka mpaka akaangusha spana. Ulifanya sawa kabisa. Kwetu sisi kila kitu ni kushoto. Mwaka mzima tunazunguka uwanja wa udongo na hatujawahi kukata kona ya kulia.

Swali lako ni kubwa kwa mtu anayeandika amekalia tairi, lakini ngoja nijaribu.

Mwingereza ni pikipiki nzuri. Mtu akiniambia vingine nitagombana naye. Anachangamka haraka, sauti yake unaijua ukiwa nje ya geti, na kwenye uwanja mfupi anakuonya kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Ila kwenye uwanja wa maili nzima mambo ni tofauti. Mwaka jana nilikuwa nafungua mafuta mpaka mwisho, nainama mpaka kidevu kinagusa tangi, na bado namsikia mtu anakuja nyuma. Halafu ananipita kana kwamba nimesimama kununua soda. Unajua inauma namna gani kushindwa huku hujakosea? Ukikosea una kitu cha kurekebisha kesho. Mimi sikuwa na kitu.

Harley haina raha hiyo ya Mwingereza. Nzito, inakoroma, inatetemesha mpaka meno. Wiki za kwanza niliichukia. Lakini inavuta kutoka chini kama trekta, na ukiielewa hairushi tairi ovyo kwenye udongo mkavu. Unailaza kwenye kona, nyuma inateleza, unaweka mguu wa kushoto chini, unagusa, unainua, na yenyewe inakutoa upande wa pili ukiwa umenyooka. Baba anasema anayeshinda ni mpandaji. Sawa. Lakini enzi zake wote walipanda Waingereza, kwa hiyo waliobaki kulinganishwa ni wapandaji.

Wale wanaobadili pikipiki kila msimu mimi siwapendi. Wanatafuta kwenye mashine kitu ambacho hawana wenyewe. Ila kubaki na moja mpaka mwisho kwa sababu baba yako aliipenda, hiyo nayo si mbio. Hiyo ni kulinda kaburi.

Hilo la mwisho usimsomee.

Mbio zenyewe ni kazi ya ajabu. Unazunguka na kurudi pale pale ulipoanzia, na bado unahisi umefika mbali. Sijui kazi nyingine ya namna hiyo. Leo jioni tuna mchujo. Niombee udongo usikauke.

Kaka yako mzururaji,
Duane


Elstad, Iowa
24 Juni 1975

Kaka Duane,

Nimemsomea. Alikuwa kwenye jiliwa anapiga tupa jino la plau, na mimi nikasimama mlangoni mwa banda nikasoma kwa sauti ndogo. Tupa haikusimama. Nilipofika kwenye soda nilimwona bega likicheza, nadhani alikuwa anacheka, lakini sina hakika.

Lile la kaburi nililiruka.

"Umeruka mstari," akasema.

"Wino umefifia, Baba."

Akapiga tupa tena. Nilidhani imekwisha, nikakunja barua. Ndipo akauliza, bila kugeuka, "Sproketi ya nyuma, ya mnyororo, anatumia ya meno mangapi?"

Nikasema hukuandika.

"Muulize."

Ni hilo tu, Duane, lakini tangu Machi hajawahi kuuliza kitu kinachokuhusu. Tafadhali nijibu hilo la meno hata kama huna muda wa kuandika mengine.

Kazini naendelea. Madereva wananitania. Jana mmoja alichungulia dirishani akasema, "Wee binti wa mizani, sauti yako umeiacha shule?" Mwenzake akamwambia, "Mwache huyo, ni mtoto wa Arlo Tvedt. Kwao hawaongei mpaka injini iwashwe." Nilitaka kujibu kitu, na jibu zuri lilinijia, lakini lori lilikuwa limeshafika barabarani.

Sijui ulifanyaje kwenye mchujo. Gazeti la huku halikuandika.

Marlys


Belleville, Illinois
5 Julai 1975

Marlys,

Mwambie mzee natumia ya meno arobaini na moja kwenye maili, na udongo ukiwa laini naongeza moja. Atasema ni kosa. Mwambie najua atasema hivyo.

Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini.

Sedalia niliteleza kidogo. Kona ya pili, mtu mbele yangu alifunga mafuta ghafla, nikakwepa nikaenda chini. Nilinyanyuka mwenyewe. Goti limevimba, ndiyo, lakini kila mtu hapa ana kitu kilichovimba. Usimwambie Baba. Nasema kweli, Marlys. Atasema Harley ndiyo iliyoniangusha, na haikuwa Harley.

Nakutumia kwenye kifurushi kiatu changu cha chuma, kile ninachofunga juu ya buti la kushoto ili liteleze kwenye kona. Kimekonda sana, soli imebaki kama karatasi. Mpe Baba akiongezee chuma. Hakuna mwingine anayeijua hiyo kazi kama yeye, na mimi siwezi kuvaa cha mtu mwingine, mguu unajua. Baba hatakataa kiatu. Pikipiki ni pikipiki, lakini kiatu ni kiatu.

Kuna kijana wa Tennessee anazungukazunguka gari letu, ana miaka kumi na tisa, anamwita Bwana Pruitt "mzee wangu." Nikikosa mbio moja, kiti changu kitakuwa chake. Kwa hiyo nakihitaji kabla ya Terre Haute, tarehe kumi Agosti. Ukishakipata, tuma dukani kwa Pruitt.

Duane


Elstad, Iowa
16 Julai 1975

Kaka Duane,

Kiatu kimefika salama. Nilikifungua mezani jikoni, nikakishika kwa muda. Nilikuwa nimesahau kwamba bado kina kipande cha rangi ya krimu pale kisigino, ya bampa la gari la Mama. Nakumbuka siku Baba alipolikata ili akutengenezee hiki kiatu. Nililia, nikidhani Mama akirudi kutoka hospitali atauliza bampa lake liko wapi.

Nimempa Baba. Amekipokea. Amekiangalia, halafu akakitundika kwenye msumari juu ya jiliwa. Ana plau nyingi wakati huu.

Habari ya meno nilimwambia. Alisema, "Arobaini." Nikasema ulijua atasema hivyo. Akatoka nje akasimama uani.

Duane, unatembeaje? Sikuulizi kuhusu kupanda. Nauliza ukishuka kwenye gari asubuhi, unatembeaje?

Marlys


Dukani kwa Pruitt, Peoria
25 Julai 1975

Marlys,

Kiko wapi kiatu?

"Ana plau nyingi." Usinifanye mjinga, mimi nimekulia kwenye hilo banda. Kiatu ni kazi ya asubuhi moja. Analala nacho juu ya msumari makusudi, anasubiri nimwandikie kwamba nilikosea kumwacha Mwingereza. Mwambie siandiki. Nilibadili kwa sababu nilitaka kushinda, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kutaka kushinda. Kama anaona hilo ni dhambi basi atundike na mimi msumarini.

Sikutegemea hili kwake. Simu kuikata nilielewa. Lakini kiatu! Hata maadui hapa uwanjani wanaazimana spana.

Haya basi. Kuna jamaa anaitwa Cletus amesema ataniazima chake cha zamani. Mguu wake ni mkubwa, tutajaza kitambaa. Jumapili ya Terre Haute nitapanda, na kijana wa Tennessee atashika saa yangu akinisubiri.

Usijisumbue kujibu maswali yasiyo na majibu. Natembea vizuri.

Duane


Elstad, Iowa
1 Agosti 1975

Kaka Duane,

Nilikosea kukuandikia kuhusu plau. Niliogopa. Sasa naandika yote, na nitaituma leo leo.

Siku niliyompa kiatu, Baba alikigeuza soli juu, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Alipitisha kidole gumba kutoka kisigino mpaka mbele. Mimi nilikuwa sijamwambia chochote, naapa. Akasema, "Goti."

Nikasema, "Goti gani, Baba?"

Akanionyesha. Alisema kiatu cha mtu mwenye mguu mzima hukonda chini ya kidole kikubwa, kwa sababu anagusa na kuinua. Chako kimekonda kisigino na ukingo wa ndani. Alisema, "Hainui. Anauburuza kama mzigo. Goti halikunji, na analificha, na atakuja kunasa." Alisema yote hayo kwa mfululizo, sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Halafu akakitundika. Nikamuuliza utapandaje bila kiatu.

"Ndiyo maana," akasema.

Unaelewa, Duane? Hajakasirikia Harley. Hatengenezi kwa sababu anaamini bila kiatu chako hutapanda. Kwake yeye mtu haazimi kiatu, kama vile haazimi meno. Nilipomwambia kwamba utaazima cha Cletus alinitazama kana kwamba nimemtukana. Alisema, "Mwanangu? Hawezi." Nikamsomea mwenyewe ulivyoandika, na hata hivyo akasema unatishia tu.

Nilimwomba akuandikie hayo kwa mkono wake. Alichukua kalamu, akakaa nayo, halafu akaniambia nikupe salamu. Hakusema salamu gani.

Mimi sitaki upande. Nasema wazi kwa sababu katika nyumba hii hakuna anayesema. Rudi. Chumba chako kiko vile vile. Mwache kijana wa Tennessee achukue kiti, kiti ni kiti tu. Nenda kwa daktari, na kama huwezi kuja mwenyewe nitamwomba mtu wa ghala anifundishe kuendesha gari nije kukuchukua.

Usivae cha Cletus.

Marlys


Elstad, Iowa
5 Agosti 1975

Duane,

Hujajibu. Labda barua haijakufikia.

Leo Baba alikwenda shambani kwa kina Halvorson kutengeneza plau yao huko huko. Nilimwambia msimamizi wa mizani kwamba naumwa, ambao ni uongo wangu wa kwanza kazini. Nikakishusha kiatu kutoka msumarini. Nilivaa miwani ya Baba nikachomelea kwa vijiti vile vya chuma vya plau, mstari baada ya mstari, kama nilivyomwona akifanya. Mistari yangu si mizuri. Mmoja una donge, nikausaga. Nimeweka chuma zaidi mbele, kidogo kisigino, ili kikusaidie kuinua.

Sijui kama nafanya jema. Sitaki upande, na nimekutengenezea cha kupandia. Lakini nimefikiri sana, na naona kwamba kama ni lazima uwe uwanjani, afadhali uwe na chako.

Nimekipeleka posta kwenda Terre Haute, ofisi ya uwanja. Karani amesema huenda kikawahi.

Baba amerudi. Ameuona msumari. Ameosha mikono, amekula viazi vyake.

Marlys


Terre Haute, Indiana
11 Agosti 1975

Dada Marlys,

Hunijui. Mimi ni Hollis Beaudry, fundi wa Pruitt, ninayelala na kaka yako kwenye gari. Samahani, yaani tunalala gari moja. Sijazoea kuandika.

Duane yuko hospitali. Yu hai, naanza na hilo.

Kiatu alichoazima kilikuwa kikubwa. Tulijaza kitambaa, tukakaza mkanda, kwenye mchujo kikakaa vizuri. Kwenye fainali alikuwa wa tatu, dada, wa tatu, na mgongo wa aliyekuwa wa pili alikuwa anauona. Aliingia kona ya mwisho, akaweka mguu, na mguu haukuinuka. Kiatu kiligeuka upande kikanasa kwenye mfereji wa udongo. Yeye akaenda, mguu ukabaki, halafu Harley ikaja juu yake. Pikipiki haikuwa na kosa, wala uwanja, wala vijana waliokuwa nyuma, walikwepa wote.

Wameukata huo mguu wa kushoto jana, juu kidogo ya goti.

Alinikataza kuwapigia simu. Alisema, "Kwetu simu yangu haisikilizwi, andika." Basi nimeandika. Mimi niliona anavyochechemea tangu Juni. Kila mtu aliona. Ukimuuliza anakutania, nawe unacheka, ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi hii nilipokwenda kuchukua vitu vyetu, karani wa uwanja alinipa kifurushi. Kilikuwa kimefika Jumamosi, kikawekwa chini ya masanduku ya soda, wakakisahau. Kina mwandiko wako. Sijakifungua. Sijui nimpe lini.

Hollis


Terre Haute, Indiana
30 Agosti 1975

Marlys,

Hollis amenipa kila kitu kwa pamoja, kama mtu anayebwaga gunia. Barua yako ya tarehe mosi ilikwenda Peoria, ikanikosa, ikanifuata. Kiatu unajua.

Barua niliisoma mara moja tu. Kiatu nimekaa nacho siku nzima hapa kitandani. Nesi anadhani ni kipande cha pikipiki.

Nilijua ni kazi yako kabla sijasoma. Baba huanza kuchomelea kisigino akielekea mbele. Wewe ulianza mbele. Ile sehemu ya donge umeisaga vizuri, sikuiona, niliihisi kwa kidole. Ni kiatu kizuri. Usiulize kama kingeniokoa, najua utauliza. Goti lilikuwa lile lile. Nadhani ningekivaa, na nadhani ningepanda, na baada ya hapo sijui.

Angalau goti halinisumbui tena. Cheka basi. Hollis naye hakucheka.

Kijana wa Tennessee alikuja kunisalimia, akasimama pale mlangoni ameshika helmeti kama kofia ya kanisani. Nikamwambia sproketi ninayotumia. Akaiandika kwenye kiganja. Pruitt amekuja pia, amelia, mzee wa watu. Pikipiki ilipinda usukani tu.

Nimefikiri sana juu ya lile nililokuandikia Juni, kwamba ukishindwa bila kukosea huna cha kurekebisha. Sasa nimekosea, tena vizuri, na bado sioni cha kurekebisha.

Sirudi Elstad. Dada yake Hollis ana chumba cha chini, hakina ngazi. Siwezi kuingia uani kwetu hivi, nipite mbele ya banda, Mwingereza yuko pale chini ya turubai na yeye amekaa kwenye jiliwa akinisikia magongo. Alisoma goti langu kwenye soli, Marlys. Akinitazama mzima mzima atasoma nini?

Kitu kimoja. Nesi anasema kuna mtu anapiga simu hapa jioni. Akiulizwa anamtaka nani, hasemi, halafu simu inakatika polepole. Jana waliniletea simu kitandani. Nikasema, "Haloo." Hakujibu. Lakini alipumua, na mimi nikapumua, tukakaa hivyo mpaka nesi akaitaka simu yake.

Usimwambie kwamba nilijua.

Duane


Elstad, Iowa
7 Septemba 1975

Kaka Duane,

Sijamwambia. Lakini barua yako nimemsomea, na safari hii ile mistari ya jiliwa na magongo sikuiruka. Uliniambia nisimwambie kuhusu simu tu, kwa hiyo nimeruka hiyo peke yake. Nisamehe kama nimekosea. Nimechoka kuchagua nani asikie nini.

Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza aliomba karatasi aione mwenyewe, akaitazama ingawa hakuwa na miwani. Halafu akatoka.

Hakuja kula. Nilipokwenda bandani nilikuta turubai liko chini. Alikuwa amemtoa Mwingereza katikati, ameweka betri na mafuta mapya, na matairi ameyajaza upepo. Ule msumari juu ya jiliwa ameung'oa, pamebaki tundu. Alikuwa amechuchumaa upande wa kushoto wa pikipiki, ameshika pale pa kukanyagia, hafanyi chochote. Amezeeka, Duane. Sikuwa nimeliona hilo kwa sababu namwona kila siku. Nilirudi ndani bila kumwita.

Asubuhi leo alimwasha. Nilikuwa nafunga viatu niende kanisani, nikasikia ile sauti, vyombo vikatikisika kabatini. Hakupanda. Alimwacha angurume pale uani bila mtu juu yake, majirani wakatoka nje wakatazama. Halafu akamzima.

Aliingia jikoni, akasimama karibu na simu. Nilidhani atapiga. Badala yake akasema, "Ukimwandikia kaka yako."

Nikasema, "Ndiyo, Baba." Nikachukua kalamu hapo hapo, nikaogopa nisije nikasahau neno.

"Mwambie kwenye Mwingereza gia iko kulia."

Nikaandika.

"Breki nilishaihamishia kulia. Kiki ya kuwashia, kulia."

Nikangoja. Alitazama mikono yake. Midomo yake ilifunguka, nikadhani sasa linakuja.

"Kushoto hakuna kitu," akasema. "Kwenye Mwingereza. Hakuna kitu cha kufanya kwa mguu wa kushoto, ukiacha mbio. Mwambie hivyo tu."

Nimekuambia kama alivyosema. Sijaongeza neno, na sijaruka mstari.

Mdogo wako,
Marlys